Nyumba iko Visiga, kazi iko Posta: nihamie?

"Shikamoo mtaalamu wa usafiri. Mimi na mume wangu tumepanga Mabibo, chumba na sebule, kodi 150,000 kwa mwezi. Tumejenga Visiga, mbele ya Kibaha Maili Moja, ndani kama kilomita tatu kutoka lami. Nyumba imeshaezekwa, imebaki rangi na umeme. Kazi yangu iko Posta, katikati ya Dar es Salaam, tunaingia saa 1:30 asubuhi na kutoka saa 11 jioni. Simu inaniambia kutoka kiwanjani hadi kazini ni kilomita 47. Nimejaribu mara mbili, nikilala kwa mama mkubwa anayeishi jirani na kiwanja. Jumatano nilitoka saa 10:50 alfajiri nikafika saa 1:05. Jumatatu iliyofuata nilitoka saa ileile nikafika saa 1:50, bosi kanitazama. Boda ni 1,500, gari hadi Mbezi pamoja na basi la mwendokasi ni 2,000, kwa hiyo 3,500 kwenda na 3,500 kurudi. Sasa hivi natumia 1,500 kwa siku, na kwenda kunanichukua kama dakika 50. Mume wangu ni fundi, kazi zake ni popote. Yeye anasema barabara imepanuliwa, nitazoea, na huko Ulaya watu wanasafiri kilomita 100 kila siku. Mtoto yuko darasa la nne. Je, umbali huu ni wa kawaida au tunataka kujitesa?"

Marahaba, dada yangu. Kwanza hongereni. Kuezeka nyumba huku mnalipa kodi si jambo dogo, na najua tangu bati lilipopanda, ile hela ya kodi kila mwezi inakuuma mara mbili. Swali lako nikilielewa ni hili: je, kuna umbali ambao mtu mwenye akili zake hapaswi kuuvuka, na nyinyi mmeuvuka?

Kwa kilomita, haupo. Na kilomita 47 ndiyo namba yenye faida ndogo kuliko zote ulizoniandikia. Namba iliyonifanya nikae vizuri kwenye kiti ni zile saa mbili za kufika: 1:05 na 1:50. Umetoka saa ileile, umepita njia ileile, umefika kwa tofauti ya dakika 45. Jibu lako lote limelala hapo, na nitalirudia baada ya kuyaweka sawa mambo matatu ya shemeji.

Nianze na Ulaya. Wapo kweli wanaosafiri kilomita 100, lakini hao ndio wanaosimuliwa kwa sababu ni wachache. Hata Marekani, nchi ya magari na barabara pana, mwaka 2019 wastani wa safari ya kwenda kazini ulikuwa dakika 27.6, na huo wakauona ni mrefu kuliko wote waliowahi kuupima. Katika miaka ya 1970 mtaalamu mmoja, Yacov Zahavi, alilinganisha miji ya nchi nyingi akaona jambo la ajabu: watu wa miji ile, kwa wastani, walitumia muda unaokaribiana sana kwa safari za siku nzima, kama saa moja na kidogo. Mwaka 1994 Cesare Marchetti akaliendeleza wazo hilo hadi kwenye miji ya kale. Mji wa watembea kwa miguu ulikuwa mdogo kiasi cha kuuvuka ndani ya saa moja. Tramu ilipokuja mji ukatanuka, gari lilipokuja ukatanuka tena. Kasi iliongezeka, muda ukabaki karibu palepale. Binadamu ana bajeti ya muda wa barabarani kama alivyo na bajeti ya mboga, na akiizidisha sana kuna mahali pengine panapopungua: usingizi, watoto au afya.

Hapo ndipo barabara pana inapoingia, na hapa shemeji yuko sahihi nusu. Kutoka Kimara hadi Kibaha zimejengwa njia nane kwa urefu wa kilomita 19.2, na aliyepita pale kabla na baada hawezi kubisha kwamba pamebadilika. Lakini angalia barabara inafanya nini kwa watu. Ukiwapunguzia dakika ishirini, hawazirudishi kitandani. Wanaenda kununua kiwanja mbele zaidi. Sensa inaonyesha: mkoa wa Pwani, ilipo Kibaha yenu, ulikuwa na watu 1,098,668 mwaka 2012, na mwaka 2022 wakawa 2,024,947. Karibu wameongezeka mara mbili kwa miaka kumi, wakati Dar es Salaam yenyewe ilitoka 4,364,541 hadi 5,383,728. Sehemu ya hao wa Pwani ni watu kama nyinyi, wenye nyumba upande ule na kazi upande huu, na wengi wanataka kupita mlango uleule saa ileile kwa sababu ofisi na shule zinafunguliwa karibu pamoja. Tena kumbuka njia nane zinaishia Kibaha, na Visiga iko mbele yake. Kipande chako cha kwanza unakigawana na malori yanayotoka Zambia, Kongo na Rwanda.

Foleni nayo ina tabia ambayo watu wengi hawaijui. Chukua mlango unaopitisha watu 60 kwa dakika. Wakija 70 kwa dakika, hujaona shida. Ni kumi tu wa ziada. Baada ya saa moja hao kumi wameshakuwa 600 waliosimama nje. Sasa wageni wakipungua hadi 50 kwa dakika, mlango una nafasi kumi tu za kupunguzia foleni, kwa hiyo inachukua saa nzima nyingine kumaliza wale 600. Ndiyo maana ukitoka robo saa mapema unawahi kwa zaidi ya robo saa, na mwenzako aliyechelewa robo saa anafika amekonda. Ni hesabu tu. Dereva na trafiki hawajakuroga.

La tatu ni hili la "utazoea". Ningependa sana liwe kweli. Mtu huzoea nyumba ndogo, huzoea maji ya kununua kwa dumu, huzoea hata kelele za baa. Safari ya kazini ni ngumu kuzoea kwa sababu kila siku inakuja na sura mpya. Mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake walichapisha mwaka 2004 utafiti uliowauliza wanawake 909 wa Texas walijisikiaje katika kila shughuli ya siku, na safari ya asubuhi kwenda kazini ikashika mkia, chini hata ya kufanya kazi za nyumbani. Wachumi wawili, Bruno Frey na Alois Stutzer, walipitia takwimu za Ujerumani wakaona kwamba wenye safari ndefu waliridhika kidogo na maisha yao kuliko wengine, ingawa kwa mantiki ya kiuchumi nyumba bora au mshahara mkubwa ulipaswa kuwafidia. Kwa lugha yetu: tukinunua kiwanja tunaiona bei ya kiwanja, ile ya alfajiri hatuioni.

Sasa tuje kwenye zile dakika 45.

Safari yako ina magari matatu: boda, gari la Mbezi na mwendokasi. Kutoka Kimara kuingia mjini mwendokasi una njia yake tangu 2016, kwa hiyo kipande hicho kikianza kutembea kinatabirika. Kinachokuumiza ni kungoja kukipanda. Sisi tunaopanga usafiri huwa tunaihesabu dakika ya kusubiri kituoni kama karibu dakika mbili za kukaa ndani ya gari, maana hivyo ndivyo mwili na akili vinavyoihisi.

Na kusubiri kwenyewe kuna mtego. Tuseme ndani ya dakika 40 yanapita magari manne. Kwenye karatasi hilo ni gari moja kila dakika kumi, na mtu angetegemea kungoja dakika tano kwa wastani. Lakini magari hayaji kwa mpangilio, yanakuja yamefuatana kama siafu: yote manne yamepishana kwa dakika mbilimbili, halafu kimya cha dakika 34. Ukifika kituoni wakati wowote, kati ya abiria 20 ni 17 watakaoangukia kwenye lile pengo refu. Wastani wa kungoja unakuwa karibu dakika 15, mara tatu ya ulivyodhani, na hakuna gari hata moja lililopunguzwa. Halafu hayo manne yaliyofuatana, la kwanza limejaa hadi mlangoni na la nne lina siti tupu, ila wewe hulijui lililo nyuma, kwa hiyo unang'ang'ania lile la kwanza.

Niliwahi kusimama Mbezi alfajiri na karatasi na kalamu, nikihesabu watu badala ya magari. Kuna mama mmoja bado namkumbuka. Alishuka kwenye gari la Kibaha akiwa amevaa yeboyebo zenye tope, viatu vya ofisi viko kwenye mfuko wa rambo. Hakwenda kwenye foleni. Alivuka barabara akapanda gari linaloelekea kinyume, linakokwenda kugeuza, ili likirudi yeye awe ameshakaa. Alilipa nauli mbili na kupoteza kama dakika ishirini kwa ajili ya siti. Nilipomuuliza akaniambia, "Kaka, hapa ndipo ninapolala." Kwenye fomu zetu hapakuwa na sehemu ya kuandika hilo.

Turudi kwako. Kwa kuwa siku mbaya inaweza kukuchukua saa tatu, na kwa kuwa huwezi kujua usiku ni kesho ipi, itabidi utoke kila siku kana kwamba ni siku mbaya. Kuingia saa 1:30 maana yake ni kutoka saa 10:30 alfajiri. Siku barabara ikiwa nyeupe utafika saa 12:45 ukae kwenye ngazi ungoje mlinzi afungue. Hizo dakika 45 za tahadhari ni sehemu ya safari yako, simu isikudanganye. Kutoka saa 10:30 ni kuamka saa 9:45. Mtu mzima anahitaji angalau saa saba za usingizi, basi uwe umelala saa 2:45 usiku. Jioni ukitoka saa 11 na njia ikakuhurumia, unaingia ndani saa 1:15. Una saa moja na nusu ya kupika, kula, kuoga, kuangalia daftari la mtoto na kuwa mke wa mtu.

Tuweke na shilingi. Leo unatumia kodi 150,000 na nauli 33,000 kwa siku 22 za kazi, jumla 183,000. Ukihamia, nauli peke yake ni 154,000. Umeokoa 29,000 kwa mwezi. Muda nao: leo dakika 100 kwa siku kwenda na kurudi, Visiga dakika 270 bila tahadhari. Tofauti kwa mwezi ni saa 62, na ukiongeza zile dakika 45 za kila asubuhi inakaribia saa 79. Kwa maneno mengine unaziuza saa zako za alfajiri na za jioni kwa shilingi 368 kila moja. Muuza karanga wa kituoni hakubali bei hiyo.

Lakini nisiipige ngumi nyumba yenu, maana hesabu hiyo haijakamilika. Kodi hupanda na nyumba yako haikupandishii. Mwenye nyumba hawezi kukugongea kudai miezi sita mbele. Nyumba iliyoachwa bila mtu huibwa milango na nyaya, na mchwa hawasubiri uhamie. Kuna kuku, kuna mboga, kuna mtoto kuwa na uwanja wa kukimbia. Hivyo vyote vina uzito, na ni nyinyi mnaovijua. Ninachokataa ni kuambiwa mnahamia ili kuokoa hela, kwa sababu hela yenyewe ni hiyo 29,000.

Njia zilizopo mbele yenu naziona hivi. Ya kwanza, na ndiyo ningeichagua mimi ningekuwa nanyi mezani, ni kuimalizia nyumba taratibu, mumpangishe mtu au mumweke ndugu wa kuaminika, na nyinyi mbaki mjini au msogee nusu njia. Kodi ya Visiga haitakuwa kubwa, usitegemee ilipe ya Mabibo, lakini nyumba itakuwa na pumzi ya mtu ndani. Nusu njia namaanisha sehemu kama Kimara, ambako unapanda gari moja tu na gari hilo lina njia yake. Kila gari unaloliondoa kwenye safari linakupa zaidi ya dakika zake, kwa kuwa linaondoka na pengo lake la kusubiri.

Wengine hulala mjini kwa ndugu Jumatatu hadi Alhamisi na kurudi nyumbani Ijumaa. Inawezekana kwa miezi michache. Kwa mama mwenye mtoto wa darasa la nne siipendi, ila shemeji akiwa ndiye anayekaa na mtoto na mkakubaliana kwa moyo mweupe, nimeona familia zilizoiweza.

Kuhusu ratiba, zungumza na mwajiri. Kuingia saa 3:30 badala ya 1:30 kunaweza kukufaa kuliko nyongeza ya mshahara, kwa sababu ile foleni ya watu 600 itakuwa imeanza kuyeyuka. Jua tu kwamba kisheria muda wako wa barabarani hauhesabiwi: sheria ya ajira ya 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki na 9 kwa siku, zinazoanza ukiwa kazini. Sheria hiyo inaruhusu pia mkubaliane kwa maandishi kufanya siku chache ndefu, hadi saa 12 kwa siku pamoja na mapumziko ya chakula. Watu huipenda kwa sababu inafuta safari moja kwa wiki. Kwako ningeiogopa. Ukitoka saa 1:30 usiku unafika saa 3:45, na saa 9:45 simu inalia; una saa sita za kula, kuoga na kulala.

Gari binafsi? Linakupunguzia kusubiri, halikutoi kwenye foleni. Kwa kilomita 94 kwa siku, gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita linakunywa zaidi ya lita 9 kila siku, karibu lita 207 kwa mwezi. Zidisha na bei ya petroli ya wiki hii, halafu ongeza maegesho ya Posta.

Najua pia utaambiwa habari za treni ya umeme. Ilipoanza Juni 2024, Dar hadi Morogoro ilikuwa chini ya saa mbili kwa zaidi ya kilomita 190, kwa nauli ya kawaida ya 13,000. Kwa hiyo ndiyo, aliye Morogoro jirani na stesheni anaweza kufika mjini mapema kuliko aliye Visiga, na hapo unaona kilomita zilivyo waongo. Ila kwenda na kurudi siku 22 ni 572,000, na stesheni zilizo karibu na upande wenu, Soga na Ruvu, zenyewe zinataka boda ya kuzifikia.

Mtoto asiguswe na hesabu hizi. Mkihamia, ahamishiwe shule ya hukohuko mwanzoni mwa muhula. Usikubali kabisa mpango wa kumwamsha saa tisa usiku ili uje naye Mabibo kwa sababu shule aliyozoea ni nzuri. Makonda wanawabagua wanafunzi unajua, na mtoto wa miaka kumi anayesinzia darasani haonekani kama amechoka, anaonekana mzito.

Kuna mambo ambayo maandishi hayatoshi. Kama tayari unasinzia kazini, unaamka na kichwa kizito, au presha ilishawahi kupanda, nenda ukaonane na daktari kabla ya kuamua lolote, na umweleze saa zako za kulala, usimwambie tu "nachoka". Ukiwa mjamzito, ukiona miguu inavimba baada ya safari, nenda mapema. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kuliko mwingine, au ukiambatana na kukosa pumzi, nenda siku hiyohiyo. Na mtu yeyote anayeendesha mwenyewe akijikuta hakumbuki kilomita mbili zilizopita, aegeshe pembeni. Kazini nako, ukianza kuandikiwa barua za kuchelewa, usingoje ya pili. Kaa na afisa rasilimali watu ana kwa ana ukiwa na rekodi ya saa zako mkononi.

Kuhusu zile kilomita tatu za ndani: kutoka saa 10:30 ni giza totoro. Tafuteni boda mmoja anayejulikana na mama mkubwa, mlipeni kwa mwezi, na shemeji awe na namba yake. Kwenye orodha yako ya bajeti hii iwe juu ya rangi ya ukuta.

Kabla ya kuondoka Mabibo, nakuomba ufanye jaribio moja zaidi, maana asubuhi mbili ni chache. Mwombe mama mkubwa akupokee wiki mbili mfululizo, na katikati yake iwemo wiki ya mwisho wa mwezi, na ikiwezekana mvua. Kila siku andika saa uliyofunga mlango na saa uliyokaa kwenye kiti cha ofisi. Utapata namba kumi. Zipange kuanzia safari fupi hadi ndefu. Usichukue wastani, wala usiitazame ile fupi ambayo shemeji ataishika. Niandikie ile ya tisa, maana ukijipa muda huo utawahi siku tisa kati ya kumi.